"Thou" si neno la utukufu, ni "wewe"

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili huku Mbeya. Katika kikundi chetu cha kusoma Biblia ya Kiingereza, mzee mmoja wa kanisa alitufundisha kwamba "thou" ni neno la utukufu lililotengwa kwa ajili ya Mungu, na kwamba anayemwambia Mungu "you" anamshusha. Niliamini. Sasa mwanangu aliye kidato cha sita amenionyesha tamthilia za Shakespeare ambamo bwana anamwambia mtumishi wake "thou", na mtu mwingine anamwambia hivyohivyo yule anayemtemea mate. Nimechanganyikiwa. Neno hili maana yake nini hasa, lilitoka wapi, na kwa nini Waingereza waliliacha? Na je, sisi tunaomwambia Mungu "wewe" tunamkosea adabu?

Jibu: Mwalimu, hilo la mwisho nalijibu kwanza, maana naona ndilo linalokukosesha raha. Hamjamkosea Mungu adabu. "Thou" ni "wewe", basi. Mwingereza aliyesali miaka 500 iliyopita alimwambia Mungu neno lilelile alilomwambia mtoto wake, mbwa wake, na mwizi aliyemkuta zizini usiku. Mzee wenu hakuwadanganya. Alipokea imani ambayo hata Waingereza wengi wanayo, na imani hiyo ina historia yake, nitaifikia. Ila katika karne zile ambazo "thou" ilikuwa bado inasikika mitaani, neno la heshima lilikuwa "you".

Tuanze na sarufi kidogo, kwa kuwa Mswahili huielewa upesi kuliko Mwingereza wa leo. Kiingereza cha zamani kilitenganisha mtu mmoja na watu wengi kama tunavyofanya sisi. "Thou", linalotamkwa dhau, ni wewe unayetenda. "Thee", dhii, ni wewe unayetendwa, ile "ku" iliyo ndani ya "nakupenda". "Thy" ni -ako. "Thine" nayo ni -ako, ila hutumika mbele ya irabu au inaposimama peke yake. Upande wa wingi kulikuwa na "ye", ninyi mnaotenda. "You", ninyi mnaotendwa, ile "wa" ya "nawapenda". Na "your", yaani -enu. Kitenzi nacho kiliitikia: mtenda akiwa "thou", kitenzi kilipata mkia wa -st, kama "thou knowest", "thou hast", "thou didst". Vichache vilikuwa na umbo lao, "thou art", "thou shalt", "thou wilt". Mkia huo ulifanya kazi ya u- yetu katika "unajua", isipokuwa wao waliuweka nyuma.

Sasa tazama kilichotokea. Hilo "you" tunalofundishwa tangu shule ya msingi kuwa ni "wewe" lilikuwa "ninyi", tena ninyi wa kutendwa. Mwingereza wa leo anapomwambia mkewe "I love you", kwa asili ya maneno anasema "nawapenda". Chukulia kwamba Waswahili wote tumeacha u-, ku- na -ako, tumebaki na m-, wa- na -enu tu. Mama anamwamsha mwanawe mmoja: "Amkeni, mwanangu, uji wenu unapoa." Mchumba anaandika: "Nimewakumbuka sana, mpenzi wangu, mtarudi lini?" Na ikitokea mtu akasema "wewe", watu wanageuka kumtazama, wakidhani anasali. Kiingereza kilifika hapohapo, na safari hiyo ilikichukua kama miaka 400.

Neno lenyewe lina umri mkubwa kuliko nchi ya Uingereza. Ni ndugu wa "du" ya Wajerumani, wa "tu" ya Warumi na Wafaransa, na hata wa "tu" ambayo Mgujarati wa Dar es Salaam au Mombasa humwambia mwanawe dukani. Zote zimezaliwa na bibi mmoja. Makabila ya Kijerumani yaliyohamia Uingereza kuanzia karne ya 5 yalikuja nalo, na baadaye wakaliandika "þu", kwa herufi iliyoitwa "thorn", yaani mwiba, ambayo alfabeti ya leo haina tena. Herufi hiyo, nikiwa hapohapo, ndiyo iliyozaa kosa la vibao vya maduka ya watalii kule Uingereza vinavyoanza na "Ye Olde". "Ye" hiyo haihusiani kabisa na "ye" ya ninyi. Ni "the" ya kawaida iliyoandikwa kwa mwiba, na mwiba huo katika miandiko ya baadaye ulikuja kufanana na y. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili.

Wakati huo wa mwanzo neno halikuwa na cheo. Mtumwa alimwambia mfalme "þu", na mfalme akamjibu "þu". Walikuwa hata na kiwakilishi kingine, "git", maana yake ninyi wawili, cha kuwasemesha watu wawili tu, kilichokufa katika karne ya 13.

Cheo kililetwa na Kifaransa. Mwaka 1066 William wa Normandia aliiteka Uingereza, na kwa vizazi vingi baada yake wakuu wa nchi waliongea Kifaransa. Lugha hiyo, kwa kufuata Kilatini cha makaisari, ilikuwa na desturi ya kumwambia mkubwa mmoja "ninyi". Wewe uliye Mbeya huhitaji maelezo marefu. Mnyakyusa akimsalimu mkubwa wake husema "mugonile", kwa wingi, ingawa aliyesimama mbele yake ni mtu mmoja. "Ugonile" ni ya rika na ya watoto. Ng'ambo ya mpaka, Wabemba nao humwambia mkubwa mu- badala ya u-. Ndivyo walivyoanza Waingereza katika karne ya 13 na ya 14: kwanza kwenye majumba ya wakuu, kisha kwa matajiri wa mjini, kisha popote mtu alipotaka aonekane amelelewa.

Kiswahili sanifu hakikushika njia hiyo. Sisi heshima tunaiweka kwenye salamu na mwito: shikamoo, mzee, mama Neema, bwana, bibi. Ukishaiweka hapo, "wewe" inafuata na haimdhuru mtu. Lakini jaribu kumwita mkubwa "We!" tupu, bila mzee wala mama, uone utakavyoulizwa, "We nani?" Kwa ninavyoona mimi, hapo ndipo Mswahili anapoweza kuonja kile alichokionja Mwingereza wa mwaka 1600 alipoambiwa "thou" na mtu asiyestahili kumwambia hivyo.

Kufikia zama za Shakespeare mambo yalikuwa yamekaa hivi. Mtoto kwa mzazi, mtumishi kwa bwana, raia kwa mkuu, ni "you". Kutoka juu kwenda chini ni "thou". Wakubwa kwa wakubwa walisemezana "you". Maskini kwa maskini, "thou". Wapenzi wakiwa faraghani, mara nyingi "thou". Na aliyetaka kumtukana mtu anayestahili "you" alimpa "thou". Neno moja likabeba mapenzi na dharau pamoja, kama "we" yetu inavyobeba "we kipenzi changu" na "we mshenzi". Tena watu walibadilisha katikati ya mazungumzo, na utamu wa tamthilia zile uko kwenye mabadiliko hayo.

Yule anayetemea mate aliyekushtua ni Antonio, na tamthilia ni ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Antonio, mfanyabiashara Mkristo, amekwenda kukopa fedha kwa Shylock, Myahudi anayemdharau. Shylock anamkumbusha maovu yake, lakini anayakumbusha kwa "you": "You call me misbeliever, cut-throat dog", mnaniita kafiri, mbwa mchinjaji. Anayetukanwa ndiye anayeshika adabu. Antonio anajibu: "I am as like to call thee so again, to spit on thee again, to spurn thee too." Nitakuita hivyo tena, nitakutemea mate tena, nitakupiga teke pia. "Thee" mara tatu, kwa mtu anayemwomba mkopo! Ukiisoma kwa Kiingereza cha leo bila kujua hili, unaona ugomvi wa watu wawili. Ukijua, unaona mmoja amesimama juu ya kiti na mwingine amewekwa sakafuni, na aliye sakafuni ndiye mwenye fedha. Mimi kila nikifika hapo moyo hunidunda.

Na yule bwana na mtumishi wake huenda ni Brutus na kijana Lucius, kutoka ile tamthilia nyingine ya Nyerere, ya Julius Caesar. Usiku kabla ya vita Brutus hana usingizi, anamwomba kijana ampigie muziki: "Canst thou hold up thy heavy eyes awhile?" Unaweza kuyainua macho yako mazito kwa muda kidogo? Kijana anajibu kwa "you", naam bwana wangu, mkipenda. "Thou" ya Brutus haina dharau hata chembe. Ni sauti ya baba anayemwonea huruma mtoto aliyechoka. Kwa hiyo mzee wenu asije akatoka upande mmoja na kuangukia wa pili, akadhani neno hili lilikuwa tusi siku zote. Lilikuwa neno la karibu, na kutoka karibu mtu huweza kukumbatiwa au kupigwa kofi.

Mfasiri wa Kiswahili hana viwakilishi viwili vya kuchezea hapo. Ana "wewe" moja, na inambidi adhihirishe tofauti hizi kwa njia nyingine: kwa "bwana", kwa "we" iliyokatwa, kwa kuchagua vitenzi. Si kazi ndogo.

Waingereza walikuwa hata na kitenzi chake, "to thou", kumwambia mtu "thou". Katika tamthilia moja ya Shakespeare ya mwaka 1601 hivi, mlevi mmoja anamfundisha mwenzake kuandika barua ya kumchokoza mtu wapigane, na ushauri wake ni kwamba akimwambia "thou" mara tatu hivi haitakuwa vibaya. Hiyo ilikuwa vichekesho jukwaani. Miaka miwili baadaye ikawa kweli mahakamani. Tarehe 17 Novemba 1603, mjini Winchester, Sir Walter Raleigh, baharia na askari aliyekuwa kipenzi cha Malkia Elizabeth, alishtakiwa kwa uhaini dhidi ya mfalme mpya James. Mwendesha mashtaka alikuwa Edward Coke, Mwanasheria Mkuu, na hasira zilipompanda alimpigia kelele kuhusu Lord Cobham, aliyedaiwa kula njama naye: "All that he did was by thy instigation, thou viper, for I thou thee, thou traitor!" Kwa Kiswahili ningesema: "Yote aliyoyatenda ni kwa uchochezi wako, we nyoka! Naam, nakuita 'we', we msaliti!" Unaona alivyosimama kulitangaza tusi lenyewe. Hakutosheka kusema "thou". Alitaka chumba kizima kijue kwamba amemvua Raleigh ungwana wake kwa kiwakilishi kimoja. Hukumu ya kifo ilitoka siku hiyohiyo, ingawa Raleigh alikaa gerezani miaka mingi na kukatwa kichwa mwaka 1618.

Hapo tuko miaka 8 tu kabla ya Biblia ya mfalme James ya mwaka 1611, hiyo ambayo kikundi chenu huenda mnaisoma. Sasa jiulize: ikiwa mwaka 1603 "thou" iliweza kumdhalilisha mtu mbele ya mahakama, iweje mwaka 1611 wafasiri walioteuliwa na mfalme wamwambie Mungu hivyo?

Jibu liko kwa William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526, akiwa amekimbilia Ujerumani kwa sababu tafsiri kama yake ilikuwa imepigwa marufuku nyumbani, na ambaye aliuawa kwa ajili ya kazi hiyo mwaka 1536. Tyndale alikuwa akitafsiri kutoka Kigiriki, na baadaye kutoka Kiebrania, lugha zinazotenganisha wewe na ninyi kwa hesabu, bila kujali cheo. Akafanya hivyohivyo: mmoja "thou", wengi "ye". Wafasiri wa 1611 walichukua sehemu kubwa sana ya maneno yake pamoja na utaratibu huo. Katika Biblia hiyo Mungu anaambiwa "thou" kwa sababu Mungu ni mmoja. Hakuna sababu nyingine.

Ukitaka kumthibitishia mzee wenu kwa upole, mfungulieni Mwanzo 3:14. Mungu anamlaani nyoka: "upon thy belly shalt thou go". Kisha Mathayo 16:23, "Get thee behind me, Satan". Kisha Yohana 13:27, Yesu akimwambia Yuda, "That thou doest, do quickly". Nyoka, Shetani na msaliti, wote wamepewa neno lilelile. Haliwezi kuwa neno la utukufu.

Halafu mwonyesheni uzuri wake wa kweli, ambao ni mwingine kabisa. Luka 22:31-32 kwa Kiingereza cha leo inasomeka kana kwamba Shetani anamtaka Simoni peke yake na Yesu amemwombea Simoni peke yake, kwa kuwa "you" ni ileile mwanzo hadi mwisho. Lakini Biblia ya 1611 inasema Shetani "hath desired to have you", kisha "I have prayed for thee". Biblia yetu ya Kiswahili inasema amewataka ninyi, kisha nimekuombea wewe. Wanafunzi wote wamo hatarini, na mmoja ameombewa ili awaimarishe wenzake. Ndivyo ilivyo pia kwa Nikodemo katika Yohana 3:7: "Usistaajabu kwa kuwa nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili." Nilikuambia, wewe uliyekuja usiku, hamna budi, ninyi nyote. Mhubiri wa London anahitaji kueleza jambo hili kwa dakika tano. Mtoto wa darasa lako analisikia bila kuelezwa, na ninafurahi kila ninapolifikiria hilo.

Kwa nini basi Waingereza waliacha kitu chenye faida namna hii? Kwa kifupi, adabu ilizidi. Katika mji kama London, uliokuwa ukikua kwa kasi, mtu alikutana kila siku na watu asiowajua. Huyu aliyevaa koti zuri ni bwana au ni fundi cherehani? Ukimwambia "you" naye hastahili, hupotezi kitu. Ukimwambia "thou" naye anastahili "you", umejitafutia ugomvi. Kila mtu akachagua salama. Wenye duka wakasemezana kama wakuu, watumishi wakaiga wenye duka, na "thou" ikabaki na kazi moja tu inayosikika hadharani, kutukana. Neno likishakuwa hivyo, hata wanaopendana huanza kuliogopa. Kufikia mwaka 1700 mazungumzo ya kawaida ya watu wa London yalikuwa yameliacha. Wafaransa na Wajerumani walikuwa na jozi ileile lakini walibaki nazo zote mbili hadi leo, kwa hiyo nisikufanye uamini kwamba ilikuwa lazima iwe hivi.

Lilikuwepo kundi moja lililokataa, na habari zao zinanigusa kuliko zote. Ni Marafiki, wanaojulikana pia kama Wakweka, walioanza Uingereza katikati ya karne ya 17 chini ya George Fox. Walisoma Maandiko wakaona Mungu mwenyewe anaambiwa "thou". Basi binadamu gani anayestahili zaidi ya hapo? Kumwambia tajiri mmoja "ninyi" waliona ni uongo wa hesabu, na pia kulisha kiburi. Fox aliandika kwamba Bwana alimkataza kuvua kofia mbele ya mtu yeyote, na kumtaka amwambie kila mwanamume na mwanamke "thou" na "thee", awe tajiri au maskini. Mwaka 1660 yeye na wenzake walitoa kitabu kizima cha kuonyesha, kwa mifano ya lugha nyingi, kwamba umoja ni umoja na wingi ni wingi.

Walilipia. Walipigwa, walitukanwa, na mahakimu waliona ni dharau ya mahakama. Kijana mmoja, Thomas Ellwood, ambaye baadaye alimsomea vitabu mshairi Milton aliyekuwa kipofu, ameeleza katika habari za maisha yake jinsi baba yake alivyomwonya kwamba akimsikia tena akimwambia "thou" au "thee" atamwangusha meno yaingie kooni. Baba huyo alikuwa hakimu, mtu wa heshima zake. Sisi tunaojua uzito wa shikamoo tusiharakishe kumcheka wala kumhukumu kijana wake. Pande zote mbili ziliamini kwamba kiwakilishi kinagusa roho.

Marafiki hao hawako mbali nasi. Wamisionari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Huko Marekani familia za Marafiki ziliendelea kusemezana "thee" nyumbani hadi karne ya 20, ingawa kwa namna ambayo ingemshangaza Fox: walisema "thee is" na "thee has", wakiitumia "thee" kama mtenda.

Sasa tunafika kwenye imani ya mzee wenu. Mitaani neno lilikufa, kanisani halikufa, kwa sababu Biblia ya 1611 na kitabu cha sala vilisomwa kila Jumapili bila kubadilishwa. Mtoto aliyezaliwa London mwaka 1800 hakumsikia baba yake akisema "thou" mezani. Aliisikia kanisani tu, katika "hallowed be thy name", kwa sauti nzito, watu wameinamisha vichwa. Atadhani nini? Atadhani ni neno la Mungu. "Wewe" ya kila siku ikapanda mbinguni kwa sababu ilifukuzwa duniani.

Wafasiri wa baadaye wakaigeuza imani hiyo kuwa kanuni. Tafsiri ya Kimarekani inayoitwa Revised Standard Version, iliyokamilika mwaka 1952, mwaka uleule ilipotoka Biblia yetu ya Muungano, iliweka "you" kwa watu wote na kubakiza "thou" kwa Mungu tu. Hapo "thou" kweli ikawa neno lililotengwa. Toleo lililofuata la mwaka 1989 likaondoa tofauti hiyo. Na si Wakristo peke yao. Marmaduke Pickthall alipotafsiri Kurani kwa Kiingereza mwaka 1930 aliandika "Thee" katika aya ya Al-Fatiha tunayoisoma kwa Kiswahili "Wewe tu tunakuabudu", na Yusuf Ali akafanya vivyo hivyo miaka michache baadaye, ingawa Kiarabu chenyewe kinatumia kiwakilishi cha kawaida cha mtu mmoja. Kwa hiyo mzee wenu anaisema kweli ya karne ya 20 na kuipeleka karne ya 17. Ni kosa linalosameheka.

Duniani nako hakukuisha kabisa. Kati ya mwaka 1950 na 1961 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walizunguka maeneo 313 ya Uingereza, mengi yakiwa vijiji, wakiwahoji hasa wazee, na walizikuta jamaa za "thou" zikiwa hai kaskazini na magharibi. Katika Yorkshire hutamkwa "tha", na watu wa Sheffield wamepewa na jirani zao jina la utani "dee-dahs", kwa jinsi wanavyotamka "thee" na "tha". Huko lilikuwa neno la wachimba makaa na wakulima wakisemezana wao kwa wao, na mtoto aliyemwambia mkubwa "tha" alikaripiwa. Kwa maneno mengine, lilibaki vilevile lilivyokuwa.

Pengo lililoachwa na "thou" halijazibwa vizuri hadi leo. Katika karne ya 18 wengi walijaribu kusema "you was" kwa mtu mmoja na "you were" kwa wengi, lakini wanasarufi waliipinga, akiwemo Robert Lowth katika kitabu chake cha mwaka 1762, na ikaonekana ni lugha ya wasiosoma. Wengine wameshona upande wa wingi: kusini mwa Marekani wana "y'all", Ireland na Liverpool wana "youse". Walimu wanawakemea watoto wanaosema hivyo. Mimi siwakemei. Wanatafuta kitu ambacho lugha yao ilikuwa nacho.

Kuhusu mwanao wa kidato cha sita: mwambie achukue kalamu mbili za rangi, moja apigie mstari kila "thou" na jamaa zake, nyingine kila "you", halafu atazame rangi zinabadilika wapi. Aanze na Hamlet, tendo la tatu, onyesho la nne. Mama anaanza: "Hamlet, thou hast thy father much offended." Umemkosea sana baba yako, anasema, akimaanisha baba wa kambo, na anasema kama mama kwa mtoto. Hamlet anajibu: "Mother, you have my father much offended", akimaanisha baba yake aliyekufa, na anaishika "you" ya mtoto kwa mzazi, baridi kama chuma. Mstari unaofuata mama anasema, "Come, come, you answer with an idle tongue." Amwulize mama huyo kwa nini, katika mstari mmoja tu, mwanawe ameacha kuwa "wewe".